Nati ya Nne

Ukifika Mwanjelwa, nyuma ya maduka ya mbegu, usiulize Joachim yuko wapi, maana watakutumbulia macho. Uliza Fundi Ndege. Hapo hata mama wa vitumbua ataacha karai lake akuoneshe. Ni mzee wa miaka sabini na moja, miwani yake imefungwa kwa waya sikio moja, anatengeneza mabomba ya kupulizia dawa shambani, pampu za maji, na mashine za kukoboa zilizowashinda mafundi wenye vyeti. Kila akimaliza kazi humwambia mteja, "Mimi nimeshika ndege ya vita, bwana. Hili bomba lako ni kitu gani?" Watu wanacheka na kesho wanarudi, kwa sababu ana mkono mzuri, na kwa sababu inapendeza kutengenezewa bomba na mtu wa namna hiyo.

Na kweli ndege alishika. Hapo hakudanganya mtu. Alidanganya kwingine, na huko ndiko tunakokwenda.

Siku Evarista alipokuja ilikuwa Jumanne, mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ile inayouma masikio mpaka saa nne. Joachim alimtambua kwa mwendo kabla hajaona sura. Ulikuwa mwendo wa baba yake, Silvester, wa kutupa mguu wa kulia nje kidogo. Akaweka spana chini taratibu.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Unatoka Nyololo?"

Evarista alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Nyololo, barabarani. Akatikisa kichwa. "Natoka kwa baba, Tosamaganga. Nimeomba ruhusa shuleni, wiki ya tatu sasa. Ni ini. Daktari hakutuficha, alisema tumrudishe tu nyumbani, tumpe dawa za maumivu."

"Ee Mungu wangu."

"Ana ombi moja, na ni kwako." Akakaa kwenye benchi la wateja bila kukaribishwa, jinsi alivyokuwa amechoka. "Anasema wewe ulimwambia kwamba lile bawa liko hapa Mbeya. Anataka ukalifungue uangalie nati ya nne ni rangi gani. Halafu uende ukamwambie mwenyewe, uso kwa uso. Simu hataki."

Mdomo wa mtu ni adui yake, jamani. Miaka kumi na miwili iliyopita, kwenye msiba wa Bertha, mama yake Evarista, Joachim alikosa la kusema. Mbele ya Silvester alikuwa anakosa la kusema siku zote. Basi akabwabwaja kwamba ile ndege iliyoletwa kuwa maonyesho kwenye uwanja wa chuo kimoja cha ufundi Mbeya, ameiona, na bawa lake la kushoto ni lile lao. Silvester akamtazama tu. Kumbe aliiweka moyoni.

Sasa nikueleze habari ya bawa hilo, maana bila hiyo hutanielewa.

Silvester na Joachim ni watu wa kijiji kimoja, Wahehe, wamesoma misheni pamoja, Silvester akiwa mbele madarasa matatu. Silvester ndiye aliyetangulia kikosini, jeshi la anga, akajifunza ndege, na Joachim alipofuata, yeye ndiye aliyemfundisha namna ya kushika spana isikuchubue vidole. Zilikuwa ndege za jeti za mwanzo mwanzo, pua iko wazi kama mdomo wa chura, mabawa yamevutwa nyuma. Juu ya kila bawa kulikuwa na vibati vitatu vimesimama wima, vya kuzuia upepo usiteleze kwenda nchani. Nyuma ya bawa kulikuwa na flapu, kile kipande kinachoshushwa ndege inapotua, na ndani, chini ya kifuniko cha ukubwa wa daftari, palikuwa na nati nne zinazoshikilia chuma cha kuivuta hiyo flapu. Kila nati ilipitishiwa pini, ili isijifungue yenyewe.

Mafundi walikuwa na mila yao. Haikuandikwa popote, wakubwa hawakuijua na wala haikuwahusu. Ukishakaza nati na kutia pini, unachora mstari wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma cha jirani. Mstari ukikatika, ujue nati imezunguka. Na kila fundi alikuwa na rangi yake. Silvester njano, Joachim nyekundu, wengine bluu, wengine nyeupe. Ukifungua kifuniko unajua papo hapo nani alipita.

Tofauti yao ilikuwa moja. Silvester alitia pini kwanza, ndipo akapaka. Joachim alikuwa na haraka. Rangi inaganda ukiacha kopo wazi, basi yeye anapaka kwanza, anafunga kopo, halafu anarudi na pini. Silvester alimgombeza mpaka akachoka. "Ukipaka umesema umemaliza," alikuwa akimwambia. "Sasa unasemaje umemaliza na pini iko mfukoni?" Joachim anacheka, kesho anarudia.

Mwaka themanini na tatu, alasiri moja, walikuwa na ndege moja, Silvester bawa la kushoto na Joachim la kulia. Akaja mtu mbio na baiskeli kumwita Silvester. Mke wake Bertha yuko hospitali, uchungu umekwenda vibaya, anamwaga damu. Silvester aliruka kutoka kwenye ngazi akaondoka vilevile na ovaroli, hakumwambia mtu neno. Mtoto aliyezaliwa jioni ile ndiye huyu Evarista.

Kesho yake asubuhi rubani Magesa aliirusha ile ndege, akazunguka, na wakati wa kutua flapu ya kushoto ikapanda yenyewe. Ndege ikalalia upande, bawa likachubuka nchani, pua ikaingia kwenye mtaro. Magesa alikufa pale pale. Alikuwa na mke na watoto wawili.

Kamati ikakaa. Wakakuta nati ya nne imefunguka, haina pini, imelala ndani ya bawa. Wakachukua karatasi ya kazi, jina la Silvester lipo, limesainiwa tangu asubuhi kabla hata hajapanda ngazi, maana wote walikuwa wakifanya hivyo. Silvester akawaambia ukweli alioujua. Nati tatu anazikumbuka. Ya nne haikumbuki. Bawa lenyewe hakuruhusiwa kulisogelea tena, na habari ya rangi za mafundi kamati haikuijua. Wakamuuliza Joachim, wewe ulikuwa bawa gani? Akasema, la kulia. Ilikuwa kweli. Hakuna aliyemuuliza kama alivuka.

Na alivuka. Aliona kwenye ngazi ya mwenzake spana imebaki, kifuniko kiko wazi, akasema ngoja nimfungie kaka yangu, ana matatizo. Alipanda kwa moyo mwema kabisa. Alikaza. Je, alipaka? Je, alitia pini? Kengele ya chakula ililia, hilo alilikumbuka. Siku mbili baada ya mazishi ya Magesa alitia mkono kwenye mfuko wa ovaroli akakuta pini. Akaitazama. Akajiambia kwamba fundi gani hana pini mfukoni, mfuko wa fundi haukosi pini. Akaenda nayo chooni akaitupa. Tangu siku hiyo, miaka arobaini na moja, alikuwa akijiambia hana hakika. Na mtu akijiambia jambo kila siku miaka arobaini na moja, linakuwa kama kweli.

Silvester alifukuzwa. Alirudi Tosamaganga, mtu wa miaka thelathini na tatu, mikono yake ya dhahabu, hakushika tena chombo. Jembe likitoka mpini, anaita jirani. Baiskeli ya mtoto ikikata mnyororo, anaita jirani. Alilima mahindi, akagema ulanzi kwenye mianzi, na kila mwaka tarehe ile akamwombea Magesa misa. Watu wakaacha kumwuliza.

Kwa hiyo Evarista alipomwomba, Joachim angesemaje? Kukataa kungekuwa sawa na kukiri. Akachukua bisibisi, kitambaa, na kichupa cha thina ya kulainishia rangi ngumu, wakaenda.

Ndege ilikuwa imesimamishwa juu ya nguzo tatu fupi za zege, katikati ya majani yaliyofyekwa. Wanafunzi wa chuo walikuwa wakiipaka rangi ya fedha kila mwaka siku ya mahafali, tabaka juu ya tabaka, mpaka vichwa vya ribiti, ile misumari inayounganisha mabati, vilikuwa vimezama kama chunusi chini ya poda. Lakini Joachim hakuhitaji kuviona. Alipitisha kiganja kwenye kile kibati cha katikati, juu ya bawa la kushoto, akazihesabu kwa kidole. Ribiti bapa, bapa, bapa, halafu saba za mviringo. Walizipiga yeye na Silvester, kibati kiligongwa na ngazi, ribiti bapa zikawaishia, wakamalizia na za mviringo na wakacheka kwamba hakuna rubani atakayejua. Lilikuwa ndilo. Waliounganisha mabaki ya ndege tatu wapate moja ya maonyesho walichukua bawa hili kwa sababu lilikuwa zima, ukiacha mchubuko wa nchani.

Mlinzi, Shadrack, kijana mstaarabu, alileta ngazi ya mbao. Kisha akasema samahani wazee, lazima muandike kitabu cha wageni ofisini, na kitambulisho. "Nenda uniandikie na mimi," Joachim akamwambia Evarista. "Mimi nianze na hizi skrubu, zimeganda."

Wakaenda, ofisi ilikuwa mbali, upande wa pili wa chuo. Akabaki peke yake na lile bawa.

Skrubu nane. Alizikwangua rangi, akazilainisha, zikatoka moja moja kwa shingo upande. Kifuniko kikamdondokea mkononi. Harufu ya grisi ya zamani ilimjia puani, na kwa muda mfupi alikuwa kijana tena, na aliifurahia, ndiyo, aliifurahia. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

Nati ya kwanza, njano, pini ipo. Ya pili, njano, pini ipo. Ya tatu, njano, pini ipo. Mistari ya Silvester, imenyooka, ndani mle ambamo jua halijawahi kuingia, mibichi kama ya juzi.

Ya nne, nyekundu. Tundu la pini tupu. Mstari wenyewe ulikuwa umekatika, nusu iko kwenye nati, nusu kwenye chuma, hazikutani, kwa sababu mafundi wa maonyesho waliirudisha nati kwa vidole bila kujali. Lakini nyekundu ni nyekundu. Ilikuwa mkono wake, na lile doa la mwisho la kuinua brashi kwa haraka, lake pia.

Sasa mimi sitamtetea. Wako watakaosema alishtuka. Alishtuka kweli, akashikilia ngazi. Lakini aliyeshtuka hamwagi thina kwenye kitambaa kwa uangalifu asipoteze tone. Alifuta nati, akafuta chuma, akakwangua kilichobaki kwa ncha ya bisibisi, akafuta tena. Mkono ulifanya kazi safi, kama kawaida yake. Alipomaliza, chuma kilikuwa kitupu, kinang'aa. Aliwaza wajukuu zake. Aliwaza Mwanjelwa, na watu wakisema kumbe Fundi Ndege ndiye. Magesa hakumwaza kabisa, wala Silvester.

Evarista alirudi anapumua juu juu. "Vipi, baba mdogo?"

"Panda uone."

Alipanda, akachungulia muda mrefu. "Tatu za njano. Hii haina kitu."

"Haina."

"Maana yake nini?"

"Maana yake haijulikani, mwanangu. Miaka mingi."

Akatoa simu akapiga picha, moja ya mbali, moja ya karibu kabisa. Joachim alirudisha kifuniko, na hapo hapo, Mungu amsamehe, alisikia nafuu kifuani, kama mtu aliyepona homa. Kitambaa akakitupa stendi kwenye pipa, wakapanda basi la asubuhi iliyofuata kwenda Iringa.

Nafuu ile ilimfikisha Nyololo tu. Basi lilisimama abiria wanunue viazi, na Evarista akamwonesha shule yake, mabati ya bluu kule nyuma ya miti. Akaanza kuongea mwenyewe, bila kuulizwa.

"Unajua mimi sijawahi kusherehekea siku yangu ya kuzaliwa? Si kwamba alikataza. Jioni ile baba alikuwa ananitazama tu, halafu kesho yake hali chakula, anakwenda misa. Nilipokuwa mdogo nilidhani nilizaliwa na kosa. Nikamuuliza mama, akaniambia wewe huna kosa, baba yako anadhani alikukimbilia wewe akamwacha mtu afe." Akamenya kiazi, akampa nusu. "Mimi nataka aambiwe tu siyo yeye. Hata angebaki na siku mbili. Siku mbili akae bila hiyo kitu."

Joachim alikishika kiazi mpaka kikapoa. Hakuweza kukila. Kutoka Nyololo mpaka Mafinga alitazama dirishani, na kutoka Mafinga mpaka Iringa alikuwa analia chini chini, anajifuta kwa mkono wa koti, na Evarista alidhani anamlilia rafiki yake, akamshika mkono. Walipokamata gari la Tosamaganga alikuwa ameshaamua. Atasema yote. Atasema na la kitambaa. Aliona aibu, aliogopa, lakini aliamua, na uamuzi ule ulikuwa jambo zuri la kwanza alilolifanya katika habari hii yote. Lilichelewa kwa siku moja tu.

Silvester alikuwa amelazwa chumba cha mbele, dirisha wazi, jua la saa tisa limemfika miguuni. Alikuwa amebaki mifupa na macho ya manjano. Lakini akili ilikuwa nzima kabisa.

"Kamwene, kaka," Joachim akasema, akapiga goti kando ya kitanda.

"Kamwene. Rangi gani?"

Hivyo tu. Hata maji ya mgeni hayajaletwa.

"Nyekundu, kaka. Ni mimi."

Silvester alimgeuzia macho. Kisha akasema, "Sema tena."

"Nyekundu. Ulipoondoka nilivuka nikakufungia. Nilipaka, kengele ikalia, pini ikabaki mfukoni kwangu. Niliikuta baada ya mazishi nikaitupa. Kamati waliponiuliza nikataja bawa la kulia tu. Unakumbuka ulivyokuwa unanigombeza, napaka kabla ya pini? Ndivyo nilivyofanya. Ni mimi niliyemuua Magesa. Wewe huna kosa, kaka, hujawahi kuwa na kosa."

Ninachokwambia sasa Evarista alikiona, na mpaka leo akikisimulia anasita. Uso wa baba yake ulifunguka. Makunyanzi ya paji yalilegea, mdomo ukafunguka kidogo, akavuta pumzi ndefu ambayo hakuwa ameivuta wiki tatu zile. Akawa kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Ilidumu kwa muda wa kuvuta pumzi hiyo moja. Kisha yule fundi ndani yake, fundi makini wa pini kwanza rangi baadaye, akageuza shingo kwa binti yake.

"Ulipiga picha?"

Evarista akamtazama Joachim. Alikuwa amepigwa na butwaa, kwa sababu alikuwepo, aliona kwa macho yake kwamba ile nati haina rangi. "Nilipiga, baba."

"Nioneshe."

"Kaka, subiri," Joachim akasema. "Hiyo picha si kweli. Nilifuta. Evarista alipokwenda kuandika kitabu nilifuta kwa thina, niliogopa."

"Nioneshe, mwanangu. Ikuze."

Alishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na pua. Alizitazama nati tatu za njano, akazigusa kwa kidole kwenye kioo, moja, mbili, tatu. Akafika ya nne akatulia hapo muda mrefu sana. Nje kuku walikuwa wanaparura, na jirani alikuwa anapasua kuni.

"Chuma kitupu," akasema mwishowe. "Haijaguswa na rangi. Ningekuwa nimefunga, ingekuwa njano. Ungekuwa umevuka wewe, ingekuwa nyekundu. Nilifanya tatu nikaondoka. Basi ndivyo ilivyokuwa."

"Nilifuta, kaka, nakuapia kwa Mungu."

Silvester akatabasamu. Hilo tabasamu, Joachim alisema baadaye, angeomba bora apigwe. "Joakimu. Umetoka Mbeya kote huko na miguu yako mibovu uje unidanganye nife vizuri. Na ulivyo mjanja, umekumbuka mpaka jinsi nilivyokuwa nakugombeza, ili nikuamini. Mtu akishafuta, harudi kusema. Akirudi kusema, hakufuta."

"Kitambaa kilikuwa na rangi. Nimekitupa stendi Mbeya. Twende tukakitafute, Evarista, kwenye pipa lile—"

"Baba mdogo," Evarista akasema polepole, machozi yakimtoka, "nilikuwepo. Nilikwenda ofisini mara moja tu nikarudi. Asante. Nimeelewa ulichotaka kufanya."

Joachim alirudia yote tangu mwanzo. Alitaja kengele, alitaja choo alichotupa pini, alitaja kichupa cha thina na rangi ya kifuniko chake. Kadiri alivyozidi kueleza ndivyo walivyozidi kumhurumia. Silvester alimpapasa kichwa, kichwa cha mzee chenye mvi, kama anavyopapaswa mtoto aliyeanguka. "Basi, basi. Usijibebeshe. Mimi afadhali nimejua. Miaka yote nilikuwa nasema labda, labda, labda. Labda ndiyo iliyokuwa inanila."

Akapumzika. Kisha akamwambia Evarista achukue karatasi na kalamu. Siku zote alitaka kumwandikia mjane wa Magesa, yuko Bunda, anwani anayo tangu zamani. Hakuwahi kuandika kwa sababu hakuwa na hakika, na alikuwa anaona vibaya kumpelekea mjane wa watu labda. Sasa hakika anayo. Evarista aliandika kwa mwandiko wake wa kiwalimu, herufi za duara, kile alichoambiwa. Kwamba mimi Silvester niliacha nati ya nne bila kuifunga na sikumwambia mtu. Kwamba mume wako hakukosea kitu, ndege yake ilikuwa na kosa langu. Kwamba sikuombi unisamehe, nataka tu watoto wake wajue. Alimsomea, akaweka alama ya dole gumba, maana mkono ulikataa kalamu.

"Sasa shahidi," Silvester akasema. "Joakimu, tia saini."

"Siwezi kaka. Huo ni uongo."

Silvester alimtazama, na macho yale ya manjano yakajaa maji. Hayo Joachim hakuyatarajia. "Kumbe," akasema. "Unaona aibu jina lako likae karatasi moja na la mtu aliyeua. Sikulaumu."

"Hapana, kaka. Hapana."

"Miaka arobaini na moja ulikuja kwangu ukala, ukanywa. Nikajisemea, huyu mmoja hanioni muuaji. Sikulaumu lakini."

Evarista alimvuta Joachim mpaka mlangoni. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa na hasira. Alimsihi kwa sauti ya chini, kiganja kwenye mkono wa koti lake. "Baba mdogo, nakuomba. Najua unataka kumlinda mpaka mwisho. Lakini ameshaamua, na hana muda. Tafadhali usimwache afikiri unamkimbia."

Joachim alirudi akakaa ukingoni mwa kitanda. Evarista alimwekea daftari chini ya karatasi isikunjike, akamwonesha mahali kwa ncha ya kidole. Joachim akasaini.

"Andika na jina lako lote," Silvester akamwambia, macho ameshayafumba. "Wajue ni nani aliyesimama na mimi."